Kisomeo Changu Kwenye Posa ya Swaleh

Jamani, leo aibu imenivaa mchana kweupe, tena mbele ya ukoo tunaotaka kuoa kwao.

Mpwa wangu Swaleh, fundi wa friji hapa Malindi, alinipa heshima ya kuwa msemaji wa posa yake kule Sabaki. Kazi yangu ilikuwa moja: niseme maneno mazuri mpaka wakubali kumtoa binti. Nikaandika hotuba ya kurasa nne (ndiyo, nne, mimi ni mwalimu mstaafu), nikaitia kwenye kisomeo changu, kile kifaa cha kusomea vitabu ambacho kioo chake kimetulia kama karatasi.

Mke wangu Bi Rukia akanitazama nikikipangusa. "Baba Omari, si uandike kwenye karatasi tu?"

Nikamhubiria. Simu juani huoni kitu ila sura yako mwenyewe! Kisomeo hakimetameti, hakiumizi macho, na chaji inakaa wiki na zaidi. Kweli, hakina rangi, na kufungua ukurasa kinajivuta kama kimeamshwa daku. Lakini chaji, mke wangu, chaji!

"Na karatasi huchajiwa lini?" akauliza.

Nikakitia kisomeo mfukoni, nikatoka.

Saa nne tumeketishwa uani mikekani, jua linawaka, kahawa na haluwa mbele yetu. Wanawake wako nyuma ya pazia la mlango, wanasikiliza. Nikatoa kisomeo. Ukurasa wa kwanza uko palepale nilipouacha, unasomeka vizuri kabisa. Ami yake binti, Mzee Athmani, akasogea kuchungulia. Nikavimba (kidogo tu).

Nikasoma salamu, dua, sifa za ukoo. Sauti imenikaa! Nikafika chini ya ukurasa: "Kijana wetu hanywi, havuti, wala hafanyi..."

Nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Kinajivuta tu, nikajiambia. Nikangoja. Na wao wakangoja.

"Hafanyi nini, mwalimu?" akauliza Mzee Athmani.

Nikagonga kioo. Nikakitikisa. Jasho likanitoka, na maneno yakanitoka kichwani (niliyoyaandika mwenyewe!). Mzee akakunja uso.

"Nakuuliza, hafanyi nini?"

"Kazi," nikasema.

Wallahi ndilo neno lililokuja.

Swaleh akajiziba uso kwa kofia. Nyuma ya pazia sinia likaanguka. "Yaani anafanya!" nikapiga kelele. "Friji! Anatengeneza friji!"

Hapo akasema nyanya yake binti, Bi Mwanaidi, kutoka hukohuko nyuma ya pazia: "Athmani, mwache mgeni wa watu. Kijana huyo ndiye aliyenitengenezea friji yangu, kazi yake naijua. Sisi tumekubali. Ila siku ya nikahi, huyo msemaji wenu aje kula tu."

Uani pakalipuka kicheko. Mimi nilicheka wa mwisho, na si kwa raha.

Njiani Swaleh akakikagua kisomeo. "Mjomba, hiki kimezima. Chaji ikiisha, ukurasa wa mwisho hubaki kiooni vilevile. Ulichaji lini?"

Sikumbuki. Nilikuwa nikisifu chaji ya maiti.

Bi Rukia nimemwambia tumekubaliwa. Akauliza hotuba ilikwendaje. Nimemjibu ilikwenda vizuri sana. Sasa nyinyi mlio na namba yake, nawashika miguu: mtu asimfikishie.