Kiranja wa Mvua

Jumatatu, 3 Oktoba 1994. Embu.

Bahati yangu imekuja leo ikiwa imefungiwa matumbo.

Nilitoka bucha, nikafika nyumbani, nikafungua gazeti lililofungia matumbo. Pale katikati ya damu, tangazo! Chuo kikuu kinaanzisha idara ya sayansi za ardhi na mazingira. Kinataka mhadhiri msaidizi mmoja. Awe na digrii ya jiolojia (ninayo, ya 1980, ingawa haikung'aa). Awe anajua kazi ya nyanjani (nani kama mimi?). Na alete barua ya mlezi wake wa kitaaluma, yule aliyemshika mkono tangu mwanzo. Siku ya mwisho, Ijumaa tarehe 4 Novemba.

Nina miaka thelathini na tisa. Kumi na miwili kati ya hiyo nimekuwa fundi wa maabara katika chuo kidogo cha kilimo, naosha chupa za udongo za watu wanaoitwa Daktari. Nikiikosa hii, nitastaafu nikiosha chupa. Basi, nimesema.

Nikarudi bucha mbio. Kulikuwa na nakala nne zaidi za gazeti lile lile juu ya meza. Nikanunua nyama nusu kilo mara nne, kila nusu ifungwe peke yake. Gichovi hununua nyama hapo, na sitaki alione. Gichovi tulisoma naye Kiritiri, sasa ni bwana udongo wa wizara ya kilimo, ana viatu vya ngozi na kicheko cha polepole. Teresia, mke wangu, akauliza kama tuna matanga.

Mlezi wangu ni Mwalimu Mithika. Lo, Mwalimu! Mtu wa Maua, akaletwa kutufundisha jiografia kule kwenye joto letu la Mbeere. Kaptula ya kaki, soksi hadi magotini, na nyundo ndogo mfukoni. Jumamosi alitupandisha mlima Kiang'ombe kupasua mawe. Alitufundisha kulilamba jiwe ili rangi yake itoke. Akina mama waliokuwa wakichoma makaa walituona tukilamba mawe, wakadhani shule imeishiwa chakula, wakatuletea viazi vitamu. Sijawahi kula viazi vitamu kama vile.

Mwaka 1973 alinifanya kiranja wa mvua. Kila asubuhi saa tatu kamili, kufungua kipimo cha shaba, kupima milimita, kuandika. Nilikuwa na beji.

Tangu nimalize shule sijamwandikia hata mstari mmoja. Miaka ishirini. Atakuwa amesahau.

Jumatano, 5 Oktoba.

Gichovi anajua! Tangazo lilibandikwa ukutani ofisini kwao tangu wiki jana. Nyama yote ile bure. Tumekula nyama siku tatu, leo Teresia ameomba sukuma wiki kama mtu anayeomba dawa.

Mabaya zaidi: Gichovi humwandikia Mwalimu kadi kila Krismasi. Kila Krismasi! Mtu wa namna gani huyo? Atamtembelea Jumatatu ya sikukuu. Basi mimi nitatangulia Jumamosi.

Teresia amenishauri nipeleke sukari na majani ya chai, niseme samahani nimepotea. Nimemwambia sukari ni ya kwenda kuona mgonjwa. Ninakwenda Maua, nchi ya Igembe, nitabeba miraa, tena ya heshima. Akauliza kama ninajua mambo ya miraa. Nikamwuliza nani kati yetu ana digrii.

Jumamosi, 8 Oktoba. Maua.

Aibu. Aibu tupu. Naandikia kitandani kwa Mwalimu, mlango nimeufunga.

Nilifika Maua adhuhuri. Sokoni nikakuta mzee mmoja, Mbae, ana vifurushi vingi vya miraa vya kawaida, na kimoja kimetundikwa peke yake: kinono, kimevishwa majani mabichi ya mgomba, kimefungwa kwa ustadi kama mtoto mgongoni. Nikasema nataka hicho. Mbae akauliza wazee wangu wako wapi. Nikasema nimekuja peke yangu. Akauliza nani amenituma. Nikasema nimejituma. Akatikisa kichwa, akasema watu wa Embu wana ujasiri. Nikamshukuru.

Nikaingia boma la Mwalimu nimekibeba kwa mikono miwili. Mwanamke wa jirani akaniona, akapiga vigelegele. Mwingine ng'ambo ya shamba la kahawa akaitikia. Nikaona kweli, hawa watu wanaheshimu elimu! Wakafika kumi. Mmoja akaanza kuimba.

Mwalimu akatoka mlangoni. Amekuwa mdogo, jamani. Kichwa cheupe chote. Ila soksi ni zile zile, hadi magotini. Alinitazama mimi, akatazama kifurushi, akauliza kwa upole kabisa nimekuja kumwoa nani.

Kumbe kile kifurushi hakiuzwi hivi hivi. Kinaitwa ncoolo, na huku Igembe ndicho kinachopelekwa na wazee nyumbani kwa msichana kumposa. Na nyumbani kwa Mwalimu, ambaye ni mjane na binti zake wote wameolewa zamani, mwanamke asiye na mume ni mmoja tu: dada yake Kanana, miaka sitini na mitatu, mwalimu wa shule ya Jumapili.

Kanana akaletwa. Nikaeleza kwamba nina mke Embu, na kwamba nataka barua tu. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akakaa sana kwenye viatu. Akasema atafikiria.

Mwalimu alicheka hadi akashika nguzo. Akasema alinifundisha jiografia ya Ruhr ya Ujerumani na Kanada miaka minne, akasahau kunifundisha Maua. Kisha akaniita Kiranja. Kiranja! Hakusahau. Nikasema vumbi limeniingia machoni.

Kifurushi nacho hakirudishwi. Kimetundikwa jikoni.

Jumapili, 9 Oktoba. Maua.

Saa tatu kasoro dakika tano Mwalimu alivaa kofia, akaniita nje. Kanana alikuwa ameshakwenda kanisani. Nyuma ya nyumba, juu ya kigingi, kipimo chetu! Kile kile cha Kiritiri, shaba imekuwa ya kijani, na lile bonyeo ubavuni pale Gichovi alipokipiga teke la mpira. Shule ilipokitupa, Mwalimu alikibeba. Nilikigusa. Nikasikia harufu ya vumbi jekundu la Kiritiri likipata tone la kwanza, na sisi wavulana arobaini tukikimbia nje tumefungua midomo, na Mwalimu akipiga kelele tusizibe kipimo. Nilitaka kurudi pale. Nilitaka kurudi hata kwa dakika moja.

Nikamwomba barua. Akaingia ndani, akatoka na daftari la 1973.

Mwandiko wangu, wino wa buluu. Aprili: 12, 25, 12, 25. Sasa niseme ukweli, maana humu hakuna anayesoma. Mwezi ule asubuhi zilikuwa na baridi. Alfajiri nilikuwa nachungulia dirishani mwa bweni. Udongo ukiwa umelowa, naandika 12. Ukiwa umelowa sana, 25. Kisha narudi kulala.

Na pembeni mwa kila namba yangu, kwa penseli, mwandiko wa Mwalimu: 7.3. 31.6. 0.8. 19.4. Alikuwa anajua. Kila asubuhi ile alitoka mwenyewe na kupima, akaandika, na hakunivua beji. Nikamwuliza kwa nini hakunichapa. Akasema alingoja nije nimwambie. Akasema alingoja hadi nilipomaliza shule, kisha akangoja barua.

Nilitazama soksi zake.

Ameniambia hivi. Gichovi alimletea kipimo kipya cha plastiki (Gichovi tena!), basi hiki cha shaba nikibebe Embu. Nipime saa tatu kila siku hadi tarehe 22, nimpelekee ukurasa wenyewe, ambao ameutia namba ya ukurasa kwa mkono wake nisije nikaubadilisha. Akiuona, ataandika barua yake, na ataandika ukweli.

Nimeapa. Safari hii nimeapa kwa dhati.

Ijumaa, 14 Oktoba. Embu.

Kipimo kiko nyuma ya nyumba yetu hapa chuoni. Saa tatu natoroka maabara, nakimbia nyumbani, napima. Jumanne: 0. Jumatano: 0. Jana: 0. Leo: 0. Mtu akiona sufuri nne zimefuatana atadhani nimelala! Nimeuliza Teresia kama haifai kuweka 2 hapa na pale, iwe na uhai. Hakucheka.

Nilimsimulia habari ya penseli ya Mwalimu. Alisimama na mwiko mkononi hadi ugali ukaungua kidogo. Leo amerudi kutoka dukani na chumvi, kiberiti na penseli moja. Sijui anataka kumwandikia nani.

Jumamosi, 22 Oktoba.

Vuli imeanza!

Jumatatu nilipima saa tatu kamili: 14.2. Niliishika chupa ya kipimo juu kwenye mwanga, maji safi. Nilihisi Mwalimu amesimama nyuma yangu. Mtu aliyepima mvua ya kwanza ya vuli amewahi kuwa na furaha, basi.

Jumanne nilikuwa na shughuli. Ilibidi nipite ofisini kwa Gichovi nikajue ameandika nini kwenye maombi yake. Nilijifanya naazima pampu ya baiskeli. Akaniazima pampu, akaninunulia chai, hakufungua faili. Mtu mgumu. Niliporudi jua lilikuwa kali. Nikatazama udongo dirishani: 12. Jumatano nililala kidogo. Uwanja ulikuwa umelowa sana: 25. Alhamisi sikukuu. Ijumaa nikakisia.

Leo nimefungua ukurasa ili niupeleke, nikaona pembeni. Penseli! Jumanne yangu 12, ya penseli 23.6. Jumatano yangu 25, ya penseli 0.4. Nikamwita Teresia. Akasema Jumatano yalikuwa manyunyu tu, maji ya uwanjani ni yeye alikuwa anafua blanketi. Akasema kila siku niliyokosa, saa tatu alitoka akapima, kwa sababu mtu lazima apime. Akaenda kuanika.

Nimekaa na ukurasa saa nzima. Namba zake zimesimama vizuri, zina nukta, hazina haraka. Nilijiona mjinga na nilimpenda sana. Kisha nikachukua wembe. Nimekwangua zangu taratibu, nimefuta penseli yake, nikaandika namba zake kwa wino wangu. Nani atajua? Karatasi imekuwa nyembamba kidogo pale Jumatano, unaweza kuona kidole chako upande wa pili, ila kwa ujumla inapendeza.

Pikapu za miraa zinaporudi Maua mchana zikiwa tupu hupita hapa. Nimempa dereva bahasha. Alinitazama sana, akauliza kama si mimi yule bwana harusi.

Jumatano, 2 Novemba.

Barua imekuja! Bahasha imefungwa, imeandikiwa chuo kikuu, si mimi. Bila shaka nimeifungua kwa mvuke wa birika. Naandika hapa nisije nikasahau:

"Nyamu alikuwa kiranja wangu wa mvua mwaka 1973, na hakuipima. Nimempa nafasi nyingine mwaka huu, na hakuipima. Chini ya wino wake nimeona alama ya penseli ya mtu mwingine, nadhani mkewe, Teresia. Lakini nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na sijapata mwanafunzi aliyeipenda ardhi hii kama yeye. Alilamba kila jiwe la Kiang'ombe, hata yale niliyomkataza. Mpeni darasa. Watakaomsikia wataipenda mvua, kama alivyoipenda yeye akiwa kitandani. Ila daftari mpeni mkewe."

Nimesoma mara tatu. Nimelia mara mbili, hakuna haja ya kuficha. Miaka ishirini mtu hukumwandikia, na bado anakumbuka ulilamba mawe gani.

Kuna kijikaratasi changu peke yangu: Gichovi pia ameandikiwa yake, tusigombane. Na chini kabisa: Kanana amefikiria, amekataa.

Amekataa! Mimi? Kwa sababu gani? Kama ni viatu, aseme ni viatu. Nimeumia zaidi ya nilivyotegemea.

Alhamisi, 3 Novemba.

Kesho ndiyo siku ya mwisho, naipeleka mwenyewe. Nimefikiria usiku kucha. Barua ni nzuri, nzuri sana, ila zile sentensi mbili za mwanzo. Na ile ya penseli. Zikikwanguliwa hizo tu, inabaki safi. Bahasha nitaibandika kwa uji. Teresia ameficha wembe, nimemtumia Gichovi salamu aniazime wake.

Sasa ni saa tatu. Mvua imeshuka tangu alfajiri. Namwona Teresia nje, koti langu kichwani, ameinama juu ya kipimo cha shaba vile vile alivyokuwa akiinama Mwalimu, na moyo umenijaa. Ningetoka, ila ni baridi.

Nimetazama dirishani, nikaandika 12. Ameingia amelowa chapa, akaandika 31.8.

Nadhani kile kipimo kimeharibika. Ni lile teke la Gichovi.