Pingamizi la Kinyozi Kuhusu Msaidizi Mliyemchukua

Kwa Mkuu wa Idara ya Lugha,
Chuo Kikuu, huko huko mliko.

YAH: KUMKATALIA BINTI YANGU KUJA KWENU KUFUNDISHA KISWAHILI

Ndugu Mkuu wa Idara,

Shikamoo. Kama ni mimi niliyekuzidi umri, basi irudishe, nami nitaitika marahaba. Nilimuuliza binti yangu una miaka mingapi, akasema huko kwenu si adabu kuulizana, kwa hiyo nimeona nitangulize heshima, maana heshima haiozi.

Mimi ni mzima, ila moyo ndio haujatulia. Kazi yangu ni kinyozi. Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutambaa na hajanyamaza hadi leo, mmempa kazi ya kuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiswahili chuoni kwenu. Anasafiri wiki hii. Nina malalamiko, na nimeyapanga kwa namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Neno "msaidizi". Huku kwetu msaidizi ni mtu wa kufua, kupika na kubembeleza mtoto wa wenyewe. Ni kazi ya heshima, ila siyo aliyoisomea. Nilipotangaza saluni kwamba Kasuku amepata usaidizi ng'ambo, nilitegemea vigelegele. Fundi viatu wa jirani, ambaye hushinda kwenye benchi langu kuliko kwenye viatu vya watu, akaniuliza kwa huruma hao mabosi wana watoto wangapi, na kama Jumapili watampa mapumziko. Mteja mwingine akanishauri nimwambie asikubali kulala jikoni. Nilieleza mpaka povu likamkaukia mtu kidevuni. Hawakuelewa, na mwishowe nikajikuta hata mimi sielewi. Anamsaidia nani? Nasikia huyo mwalimu alijifunza Kiswahili ukubwani, hongera zake, lakini Kasuku alikuwa anabishana na watu wazima kwa lugha hii hata meno ya mbele hayajamaliza kuota. Anayehitaji kusaidiwa anajulikana.

2. Kitabu mlichomtumia. Mlimwambia ajizoeze nacho, naye akanifanya mimi darasa. Asubuhi moja alisimama mbele yangu akaniuliza, tena taratibu kana kwamba naumwa, kama mimi ni kinyozi. Nikajibu ndiyo, mimi ni kinyozi. Akasema vizuri sana, sasa kanusha. Ndugu Mkuu, nimenyoa vichwa vya mtaa huu tangu nikiwa na nywele zangu mwenyewe, leo nije niikane kazi yangu saa ya chai? Nikakanusha, kwa kuwa ni mwanangu, lakini siku nzima mkono ulikuwa mzito. Mlinzi wa benki alipokuja kunyolewa, Kasuku akamwonyesha kwa kidole: hiki ni kiti, kile ni kiti, viti hivi ni vizuri. Mlinzi akadhani tumeanza kuuza samani.

Isitoshe, humo kitabuni mtu anasema hujambo, mwenzake anajibu sijambo, kisha wanaagana. Huku kwetu watu wakisalimiana hivyo, tunawatafutia msuluhishi. Salamu ni habari za kuamka, za nyumbani, za watoto, za kazi, na ule mguu wa mzee unaendeleaje. Ukifika kwenye mguu ndipo umeanza kumsalimia mtu.

3. Hili ndilo lenyewe. Tangu tupate akili, mtu wa nyumba hii akitoka hasemi anaondoka. Anasema nakuja. Anavaa viatu, anafungua mlango, anakupa kisogo, anasema nakuja, na kila mtu anajua maana yake. Sasa katika zile karatasi zenu za maandalizi mmeandika kwamba hilo ni kosa, linawachanganya wanafunzi, na anayetoka aseme anaondoka. Kasuku kwa utiifu wake akaanza kujizoeza nyumbani. Juzi nilikuwa namnyoa yule mlinzi, yeye anakwenda dukani kununua sabuni. Akasimama mlangoni akasema:

"Baba, ninaondoka."

Mashine ikaniteleza mkononi. Ikamlima mlinzi kutoka utosini hadi sikioni, na sasa huko kazini kwake wanamwita Barabara. Nilimwomba radhi, nikanyoa kichwa chote kikawa kipara, lakini jina halikunyoleka.

Kasuku aliporudi na sabuni nilimwambia neno lile asilirudie ndani ya nyumba yangu. Akaniuliza, "Sasa siku ya safari nitasemaje, Baba?" Nikajifanya natafuta kitana.

Nikwambie ukweli, Ndugu Mkuu, kwani aibu nimeshaimaliza. Nyumbani tuko wawili tu. Akitoka mmoja, hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Nyinyi wasaidizi mnao wengi. Mimi ninaye huyu, naye ndiye anayenikatiza nikianza kuwadanganya wateja. Asipokuwepo nitadanganya mpaka niuamini uongo wangu mwenyewe. Nitaumia, nasema wazi.

4. Baridi. Nimeambiwa huko pua huganda. Hapo sina la kuongeza.

Kwa hayo yote naomba, kwa unyenyekevu, kazi hiyo apewe mtu asiye na baba, au mwenye baba asiyempenda. Nasikia wapo.

Ikishindikana, wanafunzi waletwe huku. Benchi langu linachukua watu sita wembamba, au wanne na fundi viatu. Fundi viatu atafundisha utani, kwa kuwa hana kazi nyingine anayoiweza vizuri. Barabara atafundisha methali, maana siku hizi kila akiniona ananitupia moja. Mtihani utakuwa mmoja: mwanafunzi ataniwe nywele zake tangu asubuhi hadi adhuhuri, akiweza kujibu bila kufungua kitabu, amefaulu. Akicheka kabla hajaelezwa, amefaulu kwa daraja la juu.

Na kwa vile wanafunzi wakija wote wewe utabaki na ofisi tupu, njoo na wewe. Meza yako itaenea kati ya sinki na mlango, nimeshapima. Mchora vibao nimemwagiza aandike "Kinyozi na Idara". Ukuu wako hatutaugusa, isipokuwa Jumamosi, ambapo wateja wanakuwa wengi na mtu wa kunishikia taulo sina. Siku hiyo utakuwa msaidizi wangu. Usijali, Jumapili utapumzika, na jikoni hutalala.

Natumaini utanijibu upesi, na jibu liwe la kukubali, kwa sababu la kukataa sijajiandaa nalo. Nisalimie walimu wenzako, wanafunzi, mpishi, anayefagia madarasa na mlinzi wa getini, umwambie nywele zake ziko salama mradi yuko mbali nami.

Ni mimi mlalamikaji,
Baba Kasuku,
Kinyozi.

Tanbihi: Posta yetu inasuasua, kwa hiyo barua hii nimempa Kasuku mwenyewe aje nayo mkononi. Ukiisoma ujue amefika, na kwamba mimi ndiye niliyembebea sanduku hadi uwanja wa ndege. Koti alilovaa ni langu, linampwaya, msimcheke. Asilivue mpaka jua litakapotoka. Msimwache ale peke yake, huwa hashibi. Mkiona amenyamaza, muulizeni kitu chochote, hata kama mnakijua. Hajui nilichoandika humu. Nimemwambia ni barua ya kuwashukuru, kwa hiyo akiwatazama usoni mnapoisoma, tafadhalini sana, tabasamuni.