Goti la Chuma la Bibi Mwanasiti

Jumanne, 7 Juni 1994

Bibi karudi kutoka Dar. Karudi na goti la chuma. Madaktari wageni wamelitoa lile goti lake la kulia, lililochoka kuinama mashambani, wakamtia jipya. Lenyewe sijaliona, limo ndani. Mshono nimeuona: mrefu kama barabara ya Ikwiriri, na mabonde yake vilevile.

Tatizo moja tu. Halikunjiki. Limenyooka kama mchi. Bibi akikaa kitini mguu unatangulia mbele, kila anayeingia ndani anauruka.

Sista Wilhelmina wa kituo cha afya Kibiti kaja na kipimapembe cha plastiki, kapima. Nyuzi hamsini. Kasema Jumatatu ya tarehe ishirini anataka kuona nyuzi tisini, pembe mraba kamili. Zisipofika, Bibi anarudishwa Dar, anachomwa sindano ya usingizi, goti linakunjwa kwa nguvu. Bibi aliposikia usingizi alishika ukuta. Anasema ile sindano ya kwanza ilimpeleka mpaka kwa marehemu babu, akamkuta anamtandikia kitanda. Safari hii atalala moja kwa moja.

Sasa nani amkunje kila siku? Sista akamwelekeza Baba Mkubwa Abbasi, mtoto wake wa kwanza, ashike paja na kifundo. Baba Mkubwa akageukia ukutani. Mguu wa mama yake mzazi! Sista mtu wa bara, hakujua. Huku kwetu mguu wa bibi ni wa mjukuu, maana mjukuu ni mume. Na Bibi ana waume wawili: mie Saadi, mzuri wa sura na mwepesi wa akili, na binamu yangu Twalibu, mtoto wa shangazi, aliyemaliza kidato cha nne na tangu hapo hajacheka.

Baba Mkubwa ana meza ya mitumba Dar. Katamka mbele ya nyumba nzima: atakayelikunja goti la mama ndiye atakayeondoka naye kwenda kuuza nguo mjini.

Nimeshaanza kuaga watu.

Alhamisi, 9 Juni

Twalibu kaanza kazi tangu jana alfajiri. Kazi gani sasa! Anamlaza Bibi kitandani, anatia mfuko wa nailoni chini ya kisigino, anamwambia akivute kije, akisukume kirudi. Kije, kirudi. Kama mtu anapiga pasi shuka. Bibi anaguna, Twalibu anasema pole Bibi. Kisha anamwekea kitambaa cha maji baridi ya mtungi. Kije, kirudi, pole Bibi. Kwa mwendo huo goti litakunjika siku ya kiyama.

Mie natumia kichwa. Nilijaza gunia pumba za mpunga, nikaliweka chini ya goti Bibi akiwa amelala. Goti likizoea kukunjwa usingizini, asubuhi litakuwa limekubali lenyewe, bila maguno.

Asubuhi Sista akapita. Akaona gunia. Akauliza nani mwenye akili hii. Nikajitokeza, kifua mbele. Akasema goti likilazwa juu ya mto linaganda papo hapo, halinyooki wala halikunjiki, na kwamba nimebakiza kidogo nimtengenezee Bibi mguu wa panzi.

Bibi alicheka. Baba Mkubwa alicheka. Twalibu, kwa mara ya kwanza tangu kidato cha nne, naye alicheka.

Jumamosi, 11 Juni

Chuma kinataka mafuta. Fundi baiskeli yeyote atakwambia. Ajabu ni kwamba madaktari wamesoma miaka yote ile na hawalijui hili.

Nimedandia lori hadi Ikwiriri, nimeleta chupa ya mafuta ya ufuta, ya kukamuliwa, yananukia hadi mtaa wa pili. Nikampa Bibi maagizo: asubuhi, mchana, jioni, anajipaka pembeni ya mshono, anasugua. Kisha nikatoka kumalizia kuaga watu. Salima wa dukani ameniomba nisimsahau nikifika mjini. Nimemwambia nitajitahidi.

Narudi, harufu ya kambale. Bibi kakaa kitini, mguu kauelekeza mlangoni, jiko la mkaa ubavuni, anakaanga. Chupa nusu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mafuta akiyapaka yanaishia kwenye ngozi, akiyala yatashuka yenyewe hadi gotini.

Nimefikiri sana, sijaona kosa lake lilipo. Tukala.

Twalibu kajitengenezea kipimapembe cha boksi. Eti goti limefika sitini na tano. Kije, kirudi ndiyo imefanya hivyo, anasema. Kambale hakumtaja.

Jumatatu, 13 Juni

Leo nilivumbua, na nitaandika kweli tupu: ningeishia kwenye uvumbuzi wa kwanza, ningekuwa mtu wa Dar sasa hivi.

Baiskeli! Pedali ikizunguka, goti litafuata, lina njia gani nyingine? Twalibu kaenda kwa miguu kuvuna ufuta. Nikaitoa baiskeli yake, nikaisimamisha kwenye stendi, gurudumu la nyuma likawa hewani. Nikamkalisha Bibi, nikamshika kiuno. Akakanyaga nusu mzunguko, akarudi. Nusu, akarudi. Akacheka kwa sauti. Akasema mume wangu, nipeleke Ruaruke nikawaone wakwe. Tukaenda Ruaruke bila kuondoka uani.

Ndipo nikaiona dainamo.

Redio ya Baba Mkubwa haina betri wiki nzima. Na hapa mtu anakanyaga, umeme unamwagika bure! Nikaunga nyaya mbili. Bibi akakanyaga. Redio ikasema krrr. Ikatoa moshi. Ikanyamaza. Bibi akashtuka, akaachia pedali, ncha ya khanga ikaliwa na mnyororo. Tulimtoa kwa kisu cha samaki. Khanga yenyewe ilikuwa ile aliyopewa na marehemu babu.

Nilimweleza Baba Mkubwa kwamba redio ilikuwa na ugonjwa wake tangu zamani. Hakutaka kusikia historia. Amepiga marufuku mie, baiskeli na Bibi kuonekana uani pamoja.

Jumatano, 15 Juni

Boksi la Twalibu linasema themanini. Themanini! Bado kumi tu na mwenzangu anaondoka. Salima nimemwambiaje?

Basi nikafanya neno dogo. Nilimnong'oneza Bibi kwamba goti la chuma lina skrubu, na skrubu yoyote ukiisukuma kije kirudi, mwisho inalegea. Nikamwambia nimemwona mtu Ikwiriri goti lake limedondoka sokoni. Bibi akaniuliza wamelifanyaje. Nikasema wamelipeleka polisi.

Neno lilifanya kazi. Lilifanya kupita kiasi. Bibi kavuta shuka, kasema hakuna wa kumgusa tena, si Twalibu, si mie, si Sista. Twalibu kambembeleza, kaambulia kurushiwa mto.

Ijumaa, 17 Juni

Siku mbili hajaguswa. Goti limerudi sabini na mbili, kwa hesabu ya boksi.

Mchana nilimkuta anaswali peke yake chumbani. Anaswalia kitini, mguu mbele. Kwenye kusujudu alijaribu kuinama, paji la uso likaishia hewani, akabaki vile. Nilitaka kuondoka, akaniona.

Akasema, "Nimkalie Mungu kitini, Saadi, kama mkuu wa wilaya?"

Hakuniita mume.

Nikaenda kupasua kuni. Hakuna aliyenituma. Nimepasua za mwezi mzima.

Jumamosi, 18 Juni

Nimemwambia Bibi habari ya skrubu ilikuwa ya mtu mwingine, si ya goti lake. Karuhusu Twalibu aendelee. Lakini Jumatatu keshokutwa, na goti bado. Twalibu anasema tukazane. Kukazana ndiyo elimu aliyoleta kutoka shule.

Mie nimepata dawa. Bibi ana miguu mingapi? Miwili. La kushoto linakunjika vizuri? Linakunjika. Sista anatambua goti la chuma kwa nini? Kwa mshono. Basi tutie mshono kushoto! Kulia tufunge kitambaa, tuseme kaumwa na siafu.

Bibi akautazama mguu wake wa kushoto. Akauliza kama hivyo hatachomwa sindano. Nikasema hachomwi. Akanyoosha mguu.

Nimemwita Sijaona, jirani, anayewapamba maharusi. Kaja na hina yake. Nikamweleza: mstari mmoja wa kusimama, na vistari vidogo vya kukatiza, kama miguu ya tandu. Kaanza vizuri. Mstari sawasawa, vistari sawasawa, ngozi utadhani ilipasuliwa. Ila mkono wa Sijaona umezoea maharusi. Nilipokuja kugeuka, mshono umeota majani mawili na ua.

Nikasema futa. Akasema hina ikishashika haifutiki, nisubiri wiki mbili. Bibi kalitazama ua, kasema la harusi yake halikuwa zuri hivi.

Liwe liwalo. Nani atatazama ua?

Jumatatu, 20 Juni

Aliyetazama ua ni Sista Wilhelmina.

Tulifika kituoni asubuhi, Bibi kwenye baiskeli ya Twalibu, mie nashika mguu, Twalibu anasukuma kimya. Habari ya hina Twalibu hakuambiwa. Angeitia kwenye hesabu.

Sista akampandisha Bibi kitandani. Bibi, kama tulivyopanga, akatoa mguu wa kushoto. Sista akautazama mshono. Akanitazama mie. Akautazama tena. Uso mkavu kabisa. Akasema, "Madaktari wa Dar siku hizi wanashona mpaka na maua."

Nikasema ndiyo, teknolojia.

Akakunja goti, akaweka kipimapembe. Nyuzi mia moja na thelathini. Akaita wahudumu wawili waje waone. Akanishika mkono, akasema katika kazi yake yote hajaona kijana kama mie, na hilo naliamini. Nikamtupia jicho Twalibu. Twalibu kakodoa, mdomo wazi.

Hapo ndipo Sista alipoanza kufungua kitambaa cha kulia. Nikasema ni siafu tu. Akasema hata siafu tutawaona. Akajaribu kukunja, akafika kidogo, Bibi akaguna. Sista akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema Mwanasiti mama yangu, hili la pili ndilo bovu sasa. Halifai. Tunaandika leo hii urudi Dar, wakulaze, walipasue nalo watie chuma kama lile zuri.

Bibi aligeuka polepole.

"Saadi," akasema, "ulisema sindano hakuna."

Nikasema Bibi, tusikilize wataalamu.

"Mume gani weye! Unaniuza mguu baada ya mguu?"

Akatafuta ndala yake. Ilikuwa imedondoka, imeingia chini ya kitanda. Mie nikauelekea mlango, ila wahudumu wawili walikuwa wameuziba kwa kucheka. Bibi akateremka. Akashika chuma cha kitanda, akapiga goti la kushoto chini, akapiga la kulia chini, akaingiza mkono uvunguni, akaitoa ndala. Akanirushia. Ilinipata sikio.

Kisha wahudumu wakaacha kucheka, maana Bibi alikuwa bado yuko chini. Magoti yote mawili.

Sista akachuchumaa pembeni yake taratibu, akaweka kipimapembe. Akasoma mara mbili. Tisini na tano.

Bibi akaweka viganja sakafuni, akainama, akainama tena kidogo, hadi paji la uso likagusa saruji. Akakaa hapo. Twalibu akaanza kulia, mtu mzima na cheti chake. Sista akageuka kupanga vitu mezani vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mie sikio lilikuwa linaniuma. Ndiyo maana macho yalilowa.

Alhamisi, 23 Juni

Baba Mkubwa alimuuliza Bibi mbele ya wote: nani amelikunja goti? Nikajiweka sawa. Nilishajiandaa na maneno ya kushukuru.

Bibi akasema, "Twalibu ndiye aliyelikunja. Saadi kanitia hina."

Nikatoa hoja zangu. Twalibu alikunja mpaka wapi? Themanini. Basi tangu themanini hadi tisini na tano nani kafanya? Hasira. Na hasira nani kaileta? Baba Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsaidie Twalibu kubeba sanduku hadi stendi.

Nimelibeba. Twalibu kapanda basi asubuhi, kaniachia baiskeli na kipimapembe cha boksi, kaniambia nisiache kumfanyisha Bibi mazoezi asubuhi na jioni, kije, kirudi. Bibi anaswali mkekani sasa. Akimaliza ananinyooshea mguu mwenyewe, ananiita mume, ananiita mvivu. Salima haniiti chochote.

Lakini mtu mwenye kichwa halii. Nimekaa nimeipima hii habari, nimeona kitu ambacho Sista hakukiona, Twalibu hakukiona, wala wale madaktari wageni. Pumba hazikufua dafu. Mafuta hayakufua dafu. Baiskeli ilipigwa marufuku kabla ya wakati wake. Kilichoponya ni hasira! Mtu akikasirika barabara, kiungo kinasahau kwamba hakiwezi. Dawa ya bure, na hapa Mtawanya nzima hakuna mwenye kipaji cha kuitoa kunishinda mie.

Mgonjwa wa kwanza nimeshampata. Mzee Kondo, nyumba ya tatu kutoka kwetu, bega lake la kulia mwaka wa pili halinyanyuki. Kesho asubuhi na mapema nakwenda kumfungulia mbuzi waingie kwenye ufuta wake.

Akinyanyua tu fimbo, amepona.