Gorogoro Yangu Kwenye Televisheni

Jumatatu, 1 Julai 1996. Kendu Bay.

Nimepaliwa na chai mbele ya watu. Javan mwenye hoteli ametangaza kwamba wale wa kipindi cha televisheni cha "Jicho la Mnunuzi", wenyewe kabisa kutoka Nairobi, watafika sokoni kwetu Jumatano kukagua vipimo vya wauzaji. Jumatano! Na kura ya mwenyekiti wa soko ni Jumamosi. Wagombea ni wawili: mimi, na Phelesia, yule mama anayeuza mahindi mkabala nami na kusalimia kila mtu kwa jina.

Niseme ukweli, kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Gorogoro yangu, ule mkebe wa mafuta ya kupikia tunaopimia mahindi, imegongwa kitako kikaingia ndani. Kwa juu huoni kitu. Kila ukipima, konzi mbili zinabaki kwangu. Karibu soko zima tunafanya hivyo. Phelesia na kipimo chake cha haki ndiye anayetuharibia kazi.

Kipindi chenyewe nakiamini kuliko mahubiri. Mwezi jana walimfumania mtu wa Nakuru akitia mchanga kwenye sukari. Nilipiga meza kwa hasira hadi Javan akanionya.

Jumanne, 2 Julai.

Asubuhi nimejaribu kunyoosha gorogoro kwa nyundo. Imegoma. Miaka sita imekaa hivyo, imeshazoea.

Mchana nimepata mpango. Phelesia alipoteremka ufuoni kununua omena, wale dagaa wa ziwani, nikabadilisha gorogoro. Yake iliyo sawa nikachukua, yangu nikamwachia. Rangi moja, kutu moja. Kesho mimi nitapita, yeye atanaswa. Lynnet, mke wangu, ameuliza kwa nini napiga mluzi nikila. Nimemwambia ni mambo ya uongozi.

Jumatano, 3 Julai.

Wamekuja! Gari moja, kamera moja, na kijana wa miwani myeusi aitwaye Tony. Hawakupima chochote! Mizani walikuwa nayo, haikushuka garini. Tony alisema jua linawaacha na wanangojewa Kisumu. Nilimsihi apime angalau gorogoro ya Phelesia. Akajibu kwamba uso wa mama yule unatosha, akaamuru apigwe picha akitabasamu, gorogoro kifuani. Gorogoro yangu!

Kisha akauliza ni nani anayejua Kiswahili kizuri. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Mzee, tuonyeshe tu vile wale wezi hufanya," akasema. "Ni mfano, watu wajue."

Nani angekataa? Nikachana nywele. Nikashika ile gorogoro iliyo sawa, nikaokota jiwe. Mapigo matatu, kitako ndani. Mpiga picha alikiri hajaona mkono mwepesi hivyo. Wakaniomba nirudie huku nikitazama nyuma kama mtu mwenye hofu. Nilirudia mara nne, kila mara vizuri zaidi. Jumamosi watu watampigia kura mtaalamu.

Ijumaa, 5 Julai.

Siamini.

Niliwaalika wapiga kura kwa Javan, soda juu yangu. Televisheni ikaunganishwa na betri ya gari. Picha ikayumba, ikatulia. Sauti nzito ikasema kamera yao ya siri imemnasa mwizi sugu wa Kendu Bay. Mwizi sugu nilikuwa mimi! Kamera ya siri! Ilikuwa kubwa kama mbuzi, hatua mbili kutoka puani mwangu! Halafu akaonyeshwa Phelesia na ile gorogoro yangu. Wakamwita mfano wa uaminifu.

Nikasimama kujieleza. Nikasema siku ile gorogoro yangu ilikuwa sawa kabisa kabla sijaombwa kuigonga. Wakauliza kwa nini ilikuwa sawa siku ile. Nikamwagizia kila mmoja soda ya pili. Wateja wangu wa miaka yote walisema wameona kwa macho yao. Miaka sita wamenitazama nikiwapimia na hawakuona kitu! Siku moja ya kipimo halali, ndiyo siku naumbuliwa! Soda walimaliza.

Jumamosi, 6 Julai.

Kura ilikuwa ya mlolongo. Kila mtu alisimama nyuma ya mgombea wake. Wa Phelesia ulipita choo cha soko ukaenda hadi barabarani. Mimi nilikuwa na Lynnet. Nilipogeuka kumshukuru, sikumwona. Alikuwa wa kumi na nne nyuma ya Phelesia, na hata hakuinamisha uso.

Jioni nimekuta gorogoro yangu imewekwa mlangoni, imefutwa vumbi. Phelesia aligundua kitambo. Hakusema neno kwa mtu. Hilo limenichoma kuliko kura.

Jumatatu, 8 Julai. Rongo.

Nimehama soko. Huku nako wameniona kwenye televisheni. Wanawake wa ndizi walinyooshea kidole magunia yangu. Mtu mmoja tu amenisikiliza: Mayaka, mwenye bucha. Nilimwambia niliombwa nionyeshe mfano. Akafikiri, akasema inawezekana kabisa, watu wa kamera wana maneno matamu. Amenipa baraza ya bucha yake niuzie hapo. Nililia, sioni haya kuandika. Katika wilaya mbili, huyu peke yake ameniamini.

Jumatano, 10 Julai.

Gari la Tony limefika Rongo! Nilijifunika magunia nyuma ya bucha mpaka lilipoondoka. Nilisikia vicheko tu.

Ijumaa, 12 Julai.

Nimeshtuka kuliko siku zote. Kipindi cha leo kimemwonyesha Mayaka. Mayaka yuleyule! Anakandamiza mizani kwa kidole gumba huku akitazama nyuma kama mtu mwenye hofu. Nilipiga meza ya hoteli. Soda ya jirani ilimwagika.

Baadaye Mayaka alikuja kunitafuta, macho mekundu. "Japheth, ndugu yangu," akasema, "waliniomba niwaonyeshe mfano tu. Wewe unajua."

Ninajua nini? Mtu ameonekana wazi, nchi nzima inamtazama, halafu ananiletea hadithi ya mfano! Nimehamisha magunia yangu hadi upande wa pili wa soko. Nimewaambia wanawake wa ndizi kwamba Rongo inahitaji mwenyekiti mwaminifu, na kwamba mimi siwezi kuuza mahindi kwenye baraza ya mwizi.