Mazoezi ya Saa Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiandikisha karate! Miaka arobaini na sita, goti moja bovu, lakini nimejiandikisha. Ukumbi uko ghorofani, juu ya duka la vioo, hatua chache tu kutoka chumba chetu cha kushonea nguo. Mazoezi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na moja kamili jioni. Mwalimu ni fundi wa meno ya bandia. Ana mkanda mweusi na mikono laini kama ya daktari.

Sababu naiandika hapa, maana hili ni daftari langu na hakuna atakayelisoma. Wiki tatu zilizopita jambazi aliingia dukani kwetu na kisu. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, mimi kwenye meza ya pasi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikwenda kutafuta msaada! Ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Niliutafuta mitaa mitatu, pasi mkononi, waya unaburuzika nyuma yangu. Niliporudi pasi ilikuwa imepoa, jambazi kaondoka na simu na mkasi mkubwa, na mke wangu amekaa sakafuni, kifundo cha mkono wa kulia kimevimba. Aliniuliza mara moja tu nilikwenda wapi. Hajauliza tena. Afadhali angeuliza.

Fundi viatu wa jirani sasa ananiita Bwana Pasi.

Leo nimempa mke wangu habari za karate. Akasema ni vizuri, ila yeye anafunga duka saa hiyohiyo ya kumi na moja, na tangu siku ile miguu inamtetemeka njiani. Akauliza kama ningeweza kuwa nampitia. Nikamweleza kwa upole kuwa haiwezekani, kwa sababu saa hiyo ndiyo nitakuwa najifunza kumlinda. Akarudi kwenye cherehani. Nadhani aliguswa.

Jumatano, 5 Machi

Vazi langu jeupe limekamilika. Mke wangu amelishona siku mbili, akipumzisha mkono kila baada ya mshono. Mguu mmoja wa suruali ni mrefu kuliko mwingine. Nimemwonyesha. Akasema mkono ulikufa ganzi alipofika hapo. Nimesema si kitu, lakini nimesema kwa sauti ya mtu anayeona kuwa ni kitu. Sasa najuta.

Shemeji alikuja kula. Huyu ni kaka yake mke wangu, mlinzi wa benki, hushinda mlangoni na bunduki begani. Tangu anioe dada yake, yaani tangu nimuoe dada yake (hata kalamu inamwogopa!), ananiona si chochote si lolote. Alipoona vazi akauliza kama nimeanza kazi ya kuoka mikate. Kisha akasema karate ni ngoma tu, jambazi hasubiri mwinamiane kwanza. Mwanamume anayetaka kulinda nyumba atafute leseni ya bastola.

Nikamjibu kuwa bunduki huweza kusahaulika nyumbani, lakini ngumi huwezi kuisahau. Akasema miguu pia huwezi kuisahau. Mke wangu akainuka kwenda kuleta maji, na jagi lilikuwa limejaa.

Ijumaa, 7 Machi

Pambano la kwanza. Nimepangiwa mkunga mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na mbili. Nilimhurumia. Nikamwambia nitatumia nusu ya nguvu zangu. Alinishika ukosi, akanigeuza, akanilaza sakafuni taratibu, kisha akaniuliza kama napumua. Amezoea kuuliza hivyo.

Nikitazama dari nilisikia mlango wa duka letu ukifungwa kule chini. Una mlio wake, nimeufahamu miaka kumi na tisa. Nikawaza kuwa anaondoka sasa, peke yake, na mfuko wa vitambaa kwenye mkono mbovu. Moyo ukaniuma kweli. Nikaamua kuongeza bidii.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya aibu. Nilikuwa jikoni nageuza mboga, mke wangu amesimama nyuma yangu anaosha vyombo. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka. Kishindo!

Nilipopata fahamu nilikuwa nje, nimeshika mwiko, nimeshavuka geti la jirani. Mke wangu alikuwa ndani, ananitazama dirishani. Akacheka. Tangu siku ya jambazi sijamsikia akicheka, nami nikaanza kucheka huku nikirudi, nikajua tumepona. Nilipofika mlangoni kicheko chake kilikuwa kimegeuka. Alikuwa analia na mikono yote miwili imo ndani ya maji ya vyombo.

Nilitaka kumwambia. Maneno yenyewe ni mawili: nilikimbia, nikakuacha. Nilifungua kinywa. Nikamwambia mwalimu anasema mwili huchukua miezi sita kuzoea.

Alhamisi, 13 Machi

Ushindi! Leo tumefundishwa ukelele. Mwalimu anasema ukelele humvunja adui moyo kabla ngumi haijamfikia. Watu ishirini tumejipanga mistari, kila ngumi na "Haaa!" yake. Wenzangu walilia kama mbuzi wenye mafua. Mimi nilitoa sauti hata vioo vya dukani chini vikaitikia. Mwalimu akasimamisha darasa, akanitoa mbele, akasema hivi ndivyo inavyotakiwa. Mkunga alipiga makofi.

Nimerudi nyumbani nikiwa mrefu. Mke wangu alikuwa tayari kitandani, amejigeuzia ukutani, viatu miguuni. Nilimsimulia habari za ukelele wangu. Akasema aliusikia.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi. Asubuhi muuza vioo alinisimamisha, akaniuliza mke wangu ameamkaje. Nikauliza kwani ana nini. Akanitazama.

Jana jioni kuna mtu alimfuata tangu dukani. Akisimama, naye anasimama. Mke wangu alipofika chini ya ukumbi akatazama dirisha letu la mazoezi, akaniita. Akaniita kwa jina, mara nne, muuza vioo amehesabu. Juu sisi tunapiga ukelele. Ndipo muuza vioo akamwingiza ndani, akamficha nyuma ya kioo kikubwa cha kabati mpaka yule mtu akaondoka, kisha akamfikisha nyumbani yeye mwenyewe.

Mara nne. Na mimi nilikuwa mbele ya darasa.

Nimekaa kwenye meza ya pasi tangu asubuhi na sijanyoosha hata shati moja. Nampenda yule mwanamke. Hilo sijawahi kuliandika popote. Mchana aliniwekea chai karibu na mkono. Nikaitazama ikipoa, nikifikiri kwa nguvu zangu zote nini kifanyike. Mpaka jioni nikapata jibu. Shemeji alisema kweli: karate haitoshi. Nahitaji bastola.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji amenipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Nilimeza kiburi changu, nikamwomba mwenyewe. Akashangaa, lakini akaja.

Akanieleza kila kitu mara mbili. Akanivisha vizibo vya masikio. Jirani yangu, mzee mwenye miwani, akafyatua yake kabla sijawa tayari. Baada ya hapo nakumbuka majani. Nilikuwa nyuma ya kibanda cha tiketi, nimejilaza kifudifudi, vizibo bado viko masikioni. Shemeji alikuja akachuchumaa karibu yangu. Nilisubiri anicheke. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Akaniambia yeye mwenyewe bunduki hatoki nayo kazini. Kila jioni anairudisha, anatia saini, anakwenda zake mikono mitupu kama mtu yeyote. Akasema dada yake anaogopa njia ile, basi. "Mpitie, shemeji. Mpitie tu mrudi wote." Sauti yake ilikuwa laini kabisa.

Nimemwelewa vizuri. Hataki niwe na bastola ili abaki peke yake mwenye sifa katika ukoo. Jumatatu nachukua fomu.

Jumatano, 19 Machi

Fomu ya leseni ina kurasa kumi na moja. Kumi nimejaza mwenyewe. Ya mwisho hujazwa na mwenza wa mwombaji, na ina swali moja: Je, mwombaji hubaki mtulivu wakati wa hatari? Eleza.

Nilimpa mke wangu fomu na kalamu nzuri. Nikamwambia asione haya kunisifia. Aliandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia bado. Alichukua muda mrefu, kisha akaikunja na kunirudishia, akaingia ndani.

Ameandika: "Sijui. Hatari ikija huwa hayupo."

Nimeisoma mpaka herufi zikacheza. Lakini nimekaa nikatafakari, na ukiisoma kwa makini hakuna mahali alipokataa.

Alhamisi, 20 Machi

Ofisa wa leseni ni mwanamke mwenye sweta. Kurasa kumi alizipitisha haraka. Ya kumi na moja akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akaniuliza kama mwandishi wa maneno haya yuko nyumbani sasa. Nikasema yuko dukani, anafunga saa kumi na moja. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na nusu. Akanirudishia fomu bila muhuri, akasema nikiwahi nitamkuta.

Nikamuuliza kama kuna dirisha la rufaa. Akanionyesha foleni. Nilipofika mbele ilikuwa saa kumi na moja na robo, nao walikuwa wamefunga.

Jumamosi, 22 Machi

Amehamia kwa kaka yake. Alifungasha mchana kweupe, bila kelele. Nguo, cherehani ndogo, sanduku la vifungo. Shemeji alibeba, mimi nikashika mlango.

Alisema hana hasira nami. Alisema kilichomchosha ni kuogopa peke yake huku mimi nikijiandaa. Nikamwambia anipe miezi sita. Akanifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, kwa mkono wa kushoto, akaondoka.

Nyumba imekuwa pana. Nimesogeza meza na kufanya mazoezi ya mateke sebuleni. Nikamkumbuka, nikakaa chini, nikalia, nikajifuta kwa mkanda mweupe. Mguu mrefu wa suruali umeanza kuchakaa upindo. Sitaki mtu mwingine aushone.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi karate kwa sababu sijui pengine pa kwenda. Katikati ya mazoezi mvua ikaanza. Nikaenda kufunga dirisha.

Walikuwa wanapita chini. Mke wangu na kaka yake. Shemeji kamshikia mwavuli na mfuko wa vitambaa, yeye mwenyewe analowa bega zima. Hana bunduki. Anatembea tu, anasema kitu, mke wangu anatikisa kichwa. Miguu yake haitetemeki. Walipofika kwenye kona aliyokuwa akiiogopa, mke wangu hakutazama nyuma hata mara moja.

Nilisimama mpaka wakaishia. Mkunga alikuja akasimama nami. Akaniuliza kama napumua. Nikasema kidogo.

Niliumia, nakiri. Ningetoa chochote niwe chini ya ule mwavuli, nilowe bega. Lakini hata katika maumivu jicho langu halilali. Mtu asiye na bunduki, asiyejua karate, na mke wangu haogopi! Kuna siri pale. Nitaitafuta wiki nzima inavyotakiwa kutafutwa.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeipata. Mwavuli!

Ni silaha kamili. Una ncha, una mpini wa kukamata shingo ya adui, na hauhitaji leseni. Ndiyo maana Shemeji ni mtulivu vile. Mjanja sana yule!

Jana alinipitia nyumbani, ninakopigia pasi tangu dada yake ahame, kuniletea salamu. Akasema dada yake anauliza kama nakula. Akasema tena, kama mtu aliyetumwa kusema neno kwa neno, kwamba hajaenda mbali, bado anashona palepale dukani, ameanza kushika mkasi, na anayetaka kumrudisha nyumbani anaijua saa anayofunga. Nikamwambia amweleze avumilie. Sitaki kumwendea nikiwa nusu nusu kama zamani. Shemeji akachukua mwavuli wake akaenda. Alivyoushika!

Leo nimempata mwalimu wa mapigano ya fimbo na mwavuli, mtu mwenye vyeti, upande wa pili wa mji. Nimejiandikisha miezi sita, kesho nanunua mwavuli. Alinipa nichague asubuhi au jioni. Asubuhi napiga pasi, na jioni siku hizi sina wa kumsubiri, kwa hiyo nimechagua jioni. Kila siku ya kazi, saa kumi na moja kamili.