Nyepesi Begani

Jumatatu, 4 Machi
Mhariri kanikabidhi baiskeli ya milimani niijaribu kwa ajili ya jarida letu. Fremu ya kaboni. Springi mbele tu. Nyuma, springi ni mgongo wako. Nyepesi mno, unainyanyua kwa vidole viwili. Nikiandika vizuri, nafasi ya kudumu ni yangu. Nikiboronga, anaichukua Kamishna, ndivyo tunavyomwita mwenzangu wa dawati la pili, anayenyoa miguu ili apunguze upepo. Niliitikia kwa sauti nzito. Sikusema kwamba hata ngazi za nyumbani nazishuka nimeshika ukuta.

Jumanne, 5 Machi
Nimefika kilele cha mlima wa majaribio, nikachungulia chini. Mawe, mizizi, kona. Nikaipachika baiskeli begani, nikashuka kwa miguu. Kwenye kijito nikaiegemeza mtini na kuimwagia tope kwa kopo. Kisha nikaandika: "Nyepesi ajabu, utadhani umebeba mwavuli." Hakuna neno la uongo hapo.

Jumatano, 6 Machi
Kamishna kaizunguka baiskeli kama daktari wa mifugo. Akauliza ni njia gani hiyo yenye tope upande wa kulia tu. Kisha akapapasa tairi, akamwonyesha mhariri vile vinywele vya mpira vya tairi jipya, vinavyokatika ukiendesha kidogo tu. Vyote vimesimama wima. Nikasema mimi naendesha kistaarabu. Mhariri akatoa amri. Kesho nitashuka mteremko ule, naye atakuwa chini anatazama.

Lakini nina shemeji, kaka wa mke wangu, anayesambaza mikate kwa baiskeli isiyo na breki. Urefu wetu sawa. Nimemwomba avae nguo zangu, helmeti na miwani ya giza, ashuke, asiseme neno. Akanijibu, "Shemeji, akili zako zitakuua kabla ya huo mlima." Lakini kakubali.

Alhamisi, 7 Machi
Nilijificha kileleni nyuma ya jiwe. Shemeji aliteremka kama mtu aliyefunguliwa jela. Kila jiwe alilogonga nililisikia kwenye meno yangu. Akianguka, nitamwambia nini dada yake? Fremu ikipasuka, nitamwambia nini mhariri? Hakuanguka. Haikupasuka. Mhariri akapiga makofi, akamsogelea na kumpa mkono. Nikashusha pumzi.

Shemeji kalelewa vizuri. Hawezi kumwamkia mtu mzima akiwa amejifunika uso. Akavua helmeti, akavua miwani, akasema kwa sauti iliyonifikia hadi kileleni, "Shikamoo, mzee."

Ijumaa, 8 Machi
Nafasi ya kudumu kapewa shemeji. Yeye ataendesha, Kamishna ataandika. Nyumbani mke wangu anaimba jikoni kwa furaha ya kaka yake. Mimi kanikuta kwenye korido, akanipita na wimbo wake.

Mhariri kanipa jaribio moja la mwisho: helmeti mpya. Kupanda baiskeli hakuna. Niivae tu wiki nzima, niseme kama inabana.

Inabana. Nimeshamuuliza jirani kama kichwa chake kina kazi wiki hii.