Mtaalamu Wenu Aliyeninyang'anya Kiti

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, neema ambayo mimi nimenyang'anywa na mtumishi wako.

Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu, mwenye mgongo na magoti yaliyouma miaka mingi. Daktari wenu wa moyo ameniambia kwa upole nisipange mambo ya mbali. Naandika basi kama mtu anayeaga, asiye na sababu ya kudanganya. Naomba mtaalamu wenu wa tiba ya viungo ahamishwe, kwa sababu hizi:

1. Chumba chake mmekiweka ghorofani, na lifti ni mbovu. Asiyeweza kutembea hafiki, anayefika hamhitaji. Ulikuwa mpango mzuri wa kupunguza foleni, nami niliuheshimu. Yeye akauvuruga: alishuka mwenyewe kunifuata kwenye benchi.

2. Madaktari waliotangulia walisema ni uzee, wakanipa vidonge na kuniagiza nipumzike. Nilipumzika kwa bidii hata miguu ikawa kama ya kuazima. Huyu aliniuliza nataka kufanya nini. Nilitaka kumnyamazisha, nikajibu: kwenda msalani peke yangu. Hakucheka. Tukaanza papo hapo, kuinuka na kuketi, kuinuka na kuketi, kama mwanafunzi mchelewaji.

3. Hana hata adabu ya kunidanganya. Alisema maumivu huenda yasiishe, ila yasinipangie siku. Tiba gani hii, inaacha maumivu na kuondoa kiti nilichokuwa nikishinda juu yake?

4. Ameingilia nyumba yangu. Mkwe wangu alikuwa akiniletea maji kabla sijamaliza kuguna. Sasa ananiambia, "Jagi liko mezani, baba, na meza haina safari." Nakiri, maumivu yalikuwa ya kweli, lakini kuguna kwingine kulikuwa kutafuta mtu wa kuongea naye. Siku hizi anakaa nami hata nisipoguna. Sijui nimfanyeje.

5. Ameniharibia kifo. Nilishaaga ukoo mzima na kusamehe hata wasiostahili. Juzi shemeji yangu, aliyenililia sana akaondoka na koti langu la sufi kama kumbukumbu, alinikuta koridoni na mkongojo. Akauliza, "Shemeji, kwani hufi tena?" Koti hajalirudisha.

Naomba basi nirudishiwe ugonjwa wangu rasmi, kwa cheti chenye mhuri, nife nimelala kama watu wenye heshima zao.

Nisalimie wauguzi, mlinzi wa getini, na fundi wa lifti, kama yupo.

Wako katika utii na maumivu,
Mkaguzi wa Shule Mstaafu

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimesikia kwamba uhamisho wake mmeshaupitisha, na chumba kitakuwa stoo ya vitanda vibovu. Tafadhali chana yote yaliyo hapo juu. Jumatatu anaanza kunifundisha kuinuka sakafuni nikianguka, nami sitaki kufa bila kulijua hilo. Kama ni lazima ahame, ningojeeni nife kwanza. Daktari wa moyo anasema sitawachelewesha sana.